Syombua na Foleni Sifuri

Watu wa Makongeni, hapa Thika, wakitaka kumsifu Syombua husema ati ana kichwa cha kompyuta. Mimi huwa naskia hasira. Kichwa gani? Nimefanya kazi na huyo mwanamke tangu saiba yetu, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, ikiwa na mashine nne na benchi moja, na nawaambia kilichomfikisha alipo ni kimoja tu: akianza kutafuta kitu, haachi. Hata kiwe kijiko. Kuna siku alitoa viti vyote nje akitafuta kijiko cha sukari, wateja wakaandika barua zao wamesimama, na kijiko kikapatikana ndani ya printa. Hadi leo hatujui kilifikaje huko.

Mimi naitwa Wakonyo, wengi wananijua kama Mama Jackie. Saiba ilikuwa ya mume wangu, Macharia. Chumba kimoja cha juu hapa Makongeni, na chini yake duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa hivyo ukipanda ngazi ulikuwa unafika ukinuka dawa ya kupe. Siku hizo intaneti ilikuwa kitu cha kuvalia nguo nzuri. Mtu alikuwa anaoga, anachana nywele, anakuja kuketi kwa benchi kungoja zamu yake ya kusoma barua pepe moja kutoka kwa binamu aliye Amerika. Nikikumbuka naskia vibaya kidogo, kwa sababu siku hizi mtu anaisoma hiyo barua akiwa chooni.

Syombua mwenyewe alikuja kama mteja. Alikuwa ametoka kwao Matuu, anataka kuchapisha barua ya kuomba kazi kwa kiwanda cha mananasi. Akaketi kwa benchi, na benchi haikusonga. Kila mtu alikuwa anangoja mashine namba moja kwa sababu ilikuwa na sifa ya kwenda mbio, zile tatu zingine zimekaa bure, na Macharia anahangaika na hiyo moja jasho likimtoka. Msichana akavumilia weee, kisha akasimama na kuanza kuuliza watu. Wewe umekuja kufanya nini? Kuandika tu? Basi enda ile ya dirishani, intaneti yake ni mbaya lakini kuandika inaandika. Wewe ni picha? Enda ile ya kona. Hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Kabla ya chai ya saa nne benchi ilikuwa tupu. Macharia alicheka mpaka akakohoa, akamwachia kiti chake, na ile barua ya kiwanda haijatumwa mpaka leo.

Tuligombana naye kutoka wiki ya kwanza. Alikuwa anabeba muthokoi kwa kopo, na mimi nikamwambia kwetu hatuli mahindi yaliyovuliwa nguo. Akaniambia githeri yetu, mahindi mazima na maharagwe, ni chakula cha watu wavivu wa kutwanga. Macharia alikuwa anakula vyote viwili na kutuambia tunyamaze. Ndivyo tulivyoishi hapo juu, na kama kuna miaka ningerudishiwa, ningeomba hiyo.

Mambo ya majina yaliletwa na Macharia. Ili mashine ifunguke, kila mteja alikuwa na jina lake la kuingilia, na alikuwa anajichagulia mwenyewe akiwa hapo kwa benchi, wengine wakimsaidia na kumcheka. Kiama, fundi wa baiskeli, mwembamba mpaka shati linamshinda, alichagua simba wa Landless, mtaa anaokaa. Mama Mitchell wa mandazi alijiita Mama Mitchell kabla Mitchell hajajua kutembea. Kaleli, fundi wa nguo, alisema yeye ni Kaleli tu, hana maneno mengi.

Simu za mkononi zilipokuja na kuiua saiba, tulidhani ndio mwisho wetu. Macharia akaweka mlingoti juu ya paa na kuanza kuuza intaneti kwa nyumba za watu, kwanza hapa Makongeni, kisha Landless, baadaye nyaya zikapita kwa nguzo mpaka Ruiru, kwa wale matajiri wa Membley wenye geti. Na yale majina ya saiba yakaenda nazo. Kila nyumba ilipewa rauta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, na kabla rauta haijafunguliwa njia, ilikuwa lazima iiambie mashine yetu kubwa jina lake na neno lake la siri. Kwa hivyo stima ikipotea Makongeni, na hupotea, rauta zote zinazima. Ikirudi, majina yanaanza kujitokeza kwa skrini, moja baada ya lingine, kila nyumba inavyoamka.

Syombua alikuwa anayasoma kwa sauti. Hakuna aliyemtuma, ilikuwa tabia yake. Macharia anakaa kando na kikombe chake cha chai na kuitikia.

Mama Mitchell amerudi. Karibu. Kaleli amerudi. Karibu. Simba wa Landless amerudi. Karibu simba, na leo ule ushibe. Walikuwa wanaenda hivyo mpaka mtaa wote urudi, watu wazima wawili, na mimi nawaambia wateja kwa simu wangojee kidogo kwa sababu wafanyakazi wangu wamerukwa na akili.

Sukari ilimchukua Macharia mwaka wa pili wa korona. Tulimzika na watu wachache wenye barakoa, bila hata kukumbatiana vizuri. Rauta ya nyumba yetu ilikuwa na jina lake, na hakuna aliyefikiria kulibadilisha. Stima ilipopotea na kurudi mara ya kwanza baada ya mazishi, Syombua alisoma majina kama kawaida, akafika mahali akanyamaza. Nilijua amefika wapi. Nikamwambia asome. Akasoma, Macharia amerudi. Hakuna aliyeitikia. Lakini kutoka siku hiyo, mimi ambaye nilikuwa nikitukana kampuni ya stima kuliko mtu yeyote Thika, stima ikipotea nilikuwa naacha shughuli zangu na kupanda ngazi kwenda ofisini. Nilitaka kuliona hilo jina likirudi. Kama ni ujinga, ulikuwa ujinga wangu.

Sasa sikizeni vile shida ilivyokuja.

Mwaka jana Membley iliongezeka nyumba, na Syombua akaona mashine kubwa inazeeka. Tukanunua nyingine, na ndani yake kadi mpya ya mtandao kutoka kwa Khisa, injinia mmoja wa Ruiru, mtu mpole, hata akikuuzia kitu anaonekana anakuomba msamaha. Khisa alitueleza kwamba kadi ya zamani ilikuwa na mlango mmoja wa kupokea. Intaneti husafiri kwa vipande vidogo, wanaviita pakiti, na vyote vilikuwa vinapanga foleni moja mbele ya karani mmoja. Hii mpya ina foleni nane, na kila foleni ina karani wake ndani ya mashine, mdogo kuliko yule wa zamani, lakini wakiwa wanane wanamshinda mbali. Kadi yenyewe inasoma anwani ya kila pakiti, imetoka wapi na inaenda wapi, kisha inaituma kwa foleni yake. Syombua alifurahi mpaka akaninunulia soda.

Furaha ilikaa mpaka jioni. Watu walipotoka kazini na kufungua runinga zao na simu zao, kila kitu kikakwama. Kesho yake hivyo hivyo. Simu za malalamiko huwa nazipokea mimi, na wacha niwaambie, nilitukanwa na watu ambao watoto wao nimewabeba mgongoni. Vijana wa Landless walikuwa wananitumia ujumbe, buda iko nini na net, na mimi si buda wa mtu, mimi ni mama. Lakini aliyeniogopesha hakutukana. Ni Janice, mwenyekiti wa wakaaji wa Membley, mwalimu, anaongea polepole. Alinieleza kwamba amewatuliza wenzake vya kutosha, na shida ikiendelea mpaka watoto wafunge shule, watatafuta kampuni ingine. Membley ikienda, sisi tunafunga mlango. Alijua, nami nilijua.

Syombua akaanza kutafuta kijiko chake. Akaita wauzaji wa laini kubwa, wakasema laini haijajaa hata nusu, na ilikuwa kweli. Akabadilisha nyaya. Akapanda mlingoti na miaka yake hiyo, mimi niko chini naomba Mungu. Akaweka upya dereva, ile programu inayoendesha kadi, akaweka ya zamani, akarudisha mpya. Akaangalia kazi ya mashine, na mashine ilikuwa inasinzia, haijafika hata robo ya nguvu zake. Hapo ndipo aliponuna. Alikuwa anaketi mbele ya ile skrini hajagusa chakula, na nikimwambia aende nyumbani Landless kwa dada yake Kaveke, ananiangalia tu.

Ni Khisa aliyemwambia aache kuangalia hesabu ya jumla, aangalie karani mmoja mmoja. Walikuwa wanaongea kwa simu, spika imefunguliwa, mimi nikikunja risiti. Upande wa nje, mahali intaneti inaingilia kutoka kwa ulimwengu, foleni zote nane zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Upande wa nyumba za watu, foleni saba zilikuwa sifuri kabisa, hakuna hata pakiti moja. Zote zilikuwa kwa ile foleni ya kwanza, ambayo wao wanaiita foleni sifuri, na karani wake alikuwa amezidiwa mpaka anatupa pakiti chini. Sikuelewa, kwa sababu watu wanatoa video nje kuja ndani, sasa huo upande wa nyumba unajazwa na nini? Syombua akanieleza kwamba kila nyumba ikipokea kipande cha video, inajibu, nimepata, leta kingine. Hayo majibu yasipofika, video inasimama kungojea.

Basi kwa nini kadi inatuma majibu yote kwa foleni moja? Wakahangaika na hilo wiki nzima. Ikafika mahali Syombua akaenda kwake Landless, akafungua rauta yake mwenyewe na kuiunganisha bila jina, bila neno la siri, wazi tu, akamwambia Kaveke afungue video yoyote na aiache. Akarudi ofisini kuangalia. Foleni ya tano ilikuwa imeamka.

Hakushangilia. Alimpigia Khisa, na Khisa akasema sasa ameelewa. Ni yale majina. Rauta ikiingia kwa jina, kila pakiti yake inafunikwa na karatasi ingine juu, ya kuonyesha imetoka kwa jina gani. Hiyo kadi haijui kufungua hiyo karatasi. Inaona kitu isichokielewa, anwani haionekani, inatupa yote foleni sifuri. Kampuni kubwa ziliacha zamani kuingiza watu kwa majina, ama zina kadi za bei ambayo hatutaitaja hapa. Sisi tulikuwa tumekaa na hiyo njia kwa sababu Macharia aliianza hivyo pale kwa benchi.

Nikaelewa mara moja maana yake, kwamba majina itabidi yatoke, na nikajifanya sijaelewa. Nikauliza kama kuna njia ingine.

Ilikuwepo, ya kutuliza maumivu. Mashine yenyewe inaweza kuambiwa ichukue zile pakiti kutoka foleni sifuri, ifungue karatasi kwa programu, isome anwani ya ndani, kisha igawie wale makarani saba waliokaa bure. Syombua aliandika hiyo amri mchana mmoja, na jioni Makongeni ikatulia, Landless ikatulia, Membley ikatulia. Janice alinipigia kushukuru. Nilimpikia Syombua muthokoi kwa mikono yangu, na alisema imeungua, na ilikuwa imeungua kweli. Tulikula yote. Nilijua amefanya vile kwa ajili yangu, ingawa hakuna aliyelisema.

Iliendelea vizuri mpaka shule zilipofungwa. Watoto wakarudi, kila mmoja na kifaa chake, na ikabainika kwamba karani wa foleni sifuri, hata akisaidiwa kugawa, bado ni yeye anayepokea mlangoni peke yake. Akazidiwa tena. Membley ikaanza kukatika saa za jioni, na Janice hakupiga simu, alituma ujumbe mfupi wenye salamu na tarehe ya mkutano wa wakaaji.

Syombua hakuniambia tunafanya nini. Alianza tu. Nyumba kwa nyumba, Membley kwanza, akitoa jina na kuipa rauta namba yake ya kudumu, ili pakiti zipite wazi na kadi izisome. Pale Membley hakuna aliyejali, wengi hawakujua hata kwamba wana jina. Baada ya wiki ya kwanza foleni nyingine zilianza kuamka, na mkutano wa Janice ukazungumzia takataka na mbwa. Lakini Landless na Makongeni kila nyumba ilikuwa kazi. Kule watu wamevisha rauta vitambaa vya kufuma, na kabla ya kushika rauta, lazima upewe chai kwanza. Kiama alikataa kabisa kuacha kuwa simba mpaka alipoapiwa kwamba mitaani ataendelea kuitwa hivyo. Mama Mitchell alilia. Mitchell siku hizo alikuwa ameolewa Eldoret, na mama yake alisema hilo jina ndilo lililokuwa limebaki nyumbani.

Yangu aliiacha ya mwisho. Alikuja mchana, hakuingia na kelele zake za kawaida. Rauta iko juu ya kabati la vyombo, na yeye akasimama katikati ya sebule, kompyuta yake kwapani.

"Mama Jackie, hii naweza kuiacha," akasema. "Nyumba moja haiwezi kusumbua kadi."

"Ya Mama Mitchell uliiacha?"

"Hapana."

"Na alilia."

"Alilia."

"Basi toa."

Alingoja, labda nibadilishe mawazo, na nikamwambia aharakishe nina kazi. Nikaenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi. Nilimsikia akibonyeza, nikasikia akirudisha kitambaa juu ya rauta na kukinyoosha. Kazi ilikuwa ya dakika chache. Mwanamume niliyeishi naye miaka yote hiyo, na jina lake likatoka hapo kwa dakika chache. Syombua aliondoka bila kunywa chai, na hiyo kwa Makongeni ni tusi, lakini siku hiyo nilimshukuru. Sikutaka anione.

Wiki hizo zilizofuata ziliniuma, sidanganyi. Simu za malalamiko ziliisha kabisa. Jioni ziliingia na kutoka, foleni zote nane zinaenda, Khisa alikuja kuangalia na kusema ni kazi safi, na mimi nilikuwa nataka kumpiga na kiatu, maskini wa Mungu. Kila mtu alikuwa amepata alichotaka. Nikaacha kupanda ngazi stima ikipotea. Ningeenda kuangalia nini, namba?

Kisha kukaja alasiri moja ya mvua, niko ofisini kwa sababu zangu zingine, natafuta karatasi za bima. Stima ikapotea. Tukakaa gizani na Syombua, betri za mashine zikilia kila mara, harufu ya dawa ya kupe ikipanda kutoka dukani kama zamani. Nilitaka kwenda nyumbani lakini mvua ilikuwa imeshika barabara.

Ikarudi. Nikaona skrini ikiamka, na namba zikaanza kujipanga, ndefu, zote zinafanana, nukta nukta. Nikageuza uso.

"Mama Mitchell amerudi," Syombua akasema.

Nikamwangalia. Alikuwa ameegemea kiti, macho kwa zile namba, anazisoma bila haraka.

"Kaleli amerudi. Simba wa Landless amerudi."

Alikuwa amezipachika mwenyewe, nyumba moja baada ya nyingine, na hakukuwa na hata moja asiyoijua ni ya nani. Aliendelea, mtaa kwa mtaa, na kwa sababu nyumba yangu iko laini ya mwisho, ambayo stima huchelewa kufika, ilibidi tungoje. Nilikuwa nimeshika zile karatasi za bima kwa nguvu mpaka zikakunjika. Namba ya mwisho ikatokea.

"Macharia amerudi," akasema.

Kikombe cha chai cha Macharia kilikuwa bado kinaning'inia pale ukutani kwa msumari. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya chumba.

"Karibu," nikaitikia.